Shajara ya mradi: Simuli, simbamarara mweusi wa Similipal

Simuli ni mhusika wa kwanza tunayemjenga kikamilifu kwa ajili ya gemu yetu ya simu: binti wa mtindo wa anime mwenye masikio, mkia na ngozi ya simbamarara mweusi. Mimi nasimamia muundo wa wahusika. Tupo na mchoraji, fundi wa modeli na mwandishi wa programu, na tunafanya kazi kwa Krita ya kuchorea, Blender ya modeli na Godot ya kuundia gemu. Hapa naweka tulichoamua na sababu zake, ili anayetengeneza mhusika wa mnyama halisi apate pa kuanzia.

Februari

Tumekubaliana awe simbamarara. Yupi, hapo ndipo mjadala ulipo.

Mweupe tumemwondoa mapema. Anapendeza, lakini ameshachorwa mno, na historia yake inaniuma. Mwaka 1951 Maharaja Martand Singh wa Rewa alikamata mtoto wa simbamarara mweupe, akamwita Mohan, na baadaye Mohan akazalishwa na binti yake mwenyewe ili wapatikane weupe wengine. Wengi wa simbamarara weupe walioko kwenye bustani za wanyama leo ukoo wao unarudi kwa huyo mmoja, na kuzalishana kwa damu moja kumewaachia wengi wao kasoro za mwili. Sikutaka mhusika anayewafundisha watoto kutamani rangi iliyopatikana kwa njia hiyo.

Wa dhahabu alikuwa karibu kushinda. Yupo jike aliyepigwa picha katika hifadhi ya Kaziranga, jimbo la Assam, na mwaka 2020 picha zake zikaenea dunia nzima. Milia yake ni ya hudhurungi, mwili umepauka vizuri mno. Ila kwenye skrini ya simu ya bei nafuu, mita kadhaa kutoka kwenye kamera ya gemu, hatofautiani vya kutosha na wa kawaida.

Wa buluu ana mashabiki wengi katika michezo ya kubuni. Mmisionari wa Kimarekani, Harry Caldwell, alieleza kwamba alimwona Fujian, China, mwaka 1910. Hakuna ngozi yake iliyohifadhiwa wala picha. Mimi nataka mhusika ambaye tukikwama tunarudi kumtazama mnyama mwenyewe.

Basi amebaki mweusi, na mweusi ana kwao. Anaishi Similipal, wilaya ya Mayurbhanj, jimbo la Odisha, mashariki mwa India. Similipal ilikuwa miongoni mwa hifadhi tisa za mwanzo zilizoingizwa katika mpango wa India wa kuwalinda simbamarara mwaka 1973. Ni msitu wa miti ya sal, maporomoko ya maji, na ile miti mikubwa ya jamii ya msufi inayotoa maua mekundu kabla ya majani, simuli, ambayo msitu umepata jina kwayo. Mhusika wetu naye amepata jina hapo hapo.

Machi

Mwezi wa kusoma. Sijaruhusu mtu ashike kalamu kabla hatujaelewa weusi huu umetoka wapi, na nashukuru tulisubiri, maana kila kitu kilichofuata kimetoka hapa.

Simbamarara mweusi wa Similipal si mweusi. Rangi yake ya msingi, iliyoko chini ya milia, ni ile ile ya chungwa. Kilichobadilika ni milia: imepanuka, ikasogeleana, ikaungana, hadi mgongoni na ubavuni pamebaki nyufa tu za rangi ya chini. Chui mweusi wa kawaida ni hadithi nyingine, yule ngozi nzima imejaa weusi na madoa yake unayaona mwanga ukimpiga. Kwa simbamarara huyu, unachokiona ni mchoro ule ule wa milia uliokolezwa.

Mwaka 2021 timu ya Uma Ramakrishnan na Vinay Sagar, wa kituo cha taifa cha sayansi ya baiolojia kilichoko Bengaluru, walitoa chanzo chake: badiliko moja katika jeni iitwayo Taqpep. Jeni hiyo hiyo ndiyo ilikuwa imeshatajwa mwaka 2012 kwa paka wa nyumbani wenye mabaka mapana ubavuni na kwa duma mfalme wa kusini mwa Afrika, yule ambaye madoa yake yameungana yakawa mistari minene mgongoni. Wanyama watatu, jambo moja: mpaka kati ya giza na mwanga umesogezwa.

Mtoto hawi mweusi mpaka apokee badiliko hilo kwa baba na kwa mama. Wazazi wawili wa rangi ya kawaida, wote wakiwa wamelibeba, wanaweza kuzaa mweusi na wa kawaida katika uzao mmoja. Hapo nikaandika pembeni ya daftari: Simuli ana kaka, na kaka yake ni wa rangi ya chungwa.

Kwa nini Similipal, na si kwingine? Kwa sababu msitu ule umekatika na misitu mingine yenye simbamarara. Waliobaki ni wachache, wanaoana wao kwa wao, na kitu ambacho kwingine kingepotea, humo kikaongezeka. Uchunguzi wa 2021 ulikuta badiliko hilo katika zaidi ya nusu ya nakala za jeni hiyo pale Similipal, wakati kwingine kote porini halikuonekana. Kwa hiyo uzuri wa ngozi hii ni alama ya upweke. Siwezi kumtengeneza binti huyu nikaliacha jambo hilo nje ya hadithi yake.

Aprili

Michoro ya kwanza. Maamuzi ya mwili wa mnyama yamekuwa rahisi kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa tuna cha kutazama.

Masikio ni ya mviringo. Anime imezoea masikio ya pembetatu kwa kila mnyama wa jamii ya paka, lakini simbamarara hana hayo. Nyuma ya sikio ni peusi na katikati pana doa jeupe, na kwa kuwa kamera ya gemu humfuata mhusika mgongoni muda mwingi, doa hilo mchezaji ataliona kuliko hata macho. Tumelipa ukubwa wake unaostahili.

Mboni za macho ni duara. Paka wa nyumbani mboni yake hujibana ikawa mstari wa wima. Simbamarara mboni yake hubaki duara. Mchoraji alikuwa amezoea kuchora mstari, na akasema duara linampunguzia ukali. Tumezichora zote mbili, tukaziweka ukutani siku kadhaa. Duara limeshinda, na sababu ni kwamba linamfanya aonekane anakutazama wewe, si kwamba yuko tayari kukurukia.

Rangi ya ngozi ya binadamu: kahawia iliyokolea, ya watu wa Mayurbhanj, ambako wengi ni wa jamii za asili kama Wasanthal na Waho. Hili sikulipeleka kwenye kura. Mhusika wa msitu ule akichorwa mweupe kama karatasi atakuwa ameshapokonywa nusu ya alikotoka. Amevaa kitambaa cheupe cha pamba chenye pindo jekundu, kimefungwa juu ya vifundo ili miguu iwe huru, na bangili za shaba iliyosubiwa kwa nta, kazi ambayo mafundi wa Odisha wanaijua tangu zamani.

Nywele ni nyeusi zenye nyuzi za dhahabu zinazotokea katikati, nyembamba, zisizolingana. Zinafuata kanuni ya ngozi: dhahabu ndiyo iliyoko chini, weusi umekuja juu yake.

Mei

Huu ndio mwezi ambao ningependa kuueleza kwa urefu.

Njia ya kawaida ingekuwa kuchora milia kwenye picha ya ngozi, ukaivalisha modeli, basi. Kuna matatizo mawili. Kamera ikisogea karibu, kingo za milia zinavunjika vijipande vya pikseli, na mtindo wa anime unaishi kwa kingo safi. Halafu milia ikishachorwa imechorwa. Kaka yake wa chungwa atahitaji picha nyingine nzima, na simu za wachezaji wetu hazina kumbukumbu ya kuchezea.

Mwandishi wa programu akaleta mbinu ya picha ya umbali. Chris Green wa kampuni ya gemu ya Valve aliieleza mwaka 2007 kwa ajili ya herufi na alama za kwenye gemu. Badala ya kuhifadhi rangi, kila pikseli inahifadhi umbali wake kutoka kwenye ukingo wa mlia ulio karibu. Picha ukiitazama ni kijivu chenye ukungu, haina sura. Ikifika kwenye sheda, programu ndogo inayoamua rangi ya kila pikseli kwenye skrini, sheda inaisoma na kuuliza swali moja: namba hii imevuka kiwango au haijavuka? Iliyovuka inakuwa nyeusi, isiyovuka inakuwa dhahabu. Ukingo unatoka safi hata picha ikiwa ndogo na kamera ikiwa puani mwa mhusika.

Kile kiwango sasa. Ni namba moja tu. Ukiiweka katikati unapata simbamarara wa kawaida. Ukiishusha taratibu, milia inanenepa, inasogeleana, inagusana, inamezana. Mwandishi wa programu aliposhika kitelezi cha namba hiyo kwenye skrini akakivuta kushoto, sote tulikuwa nyuma ya kiti chake tukimtazama kaka akigeuka dada. Kilichotokea kwenye skrini ni kile kile nilichokisoma mwezi Machi. Mpaka umesogezwa. Mnyama ni yule yule.

Namba ikishushwa sawasawa mwili mzima, hata hivyo, anapotea uso. Picha za simbamarara wa Similipal zinaonyesha weusi umeshika zaidi mgongo na ubavu, wakati usoni na miguuni milia bado unaifuata kwa macho, na tumbo linabaki jeupe. Tumeongeza picha ya pili inayoiambia sheda ni wapi iungane mapema na wapi ichelewe. Mabegani inachelewa kwa makusudi: mkono ukiinuka, nyufa za dhahabu zinafunguka na mchezaji anauona mwendo.

Pia tumeacha kugeuza picha ya upande mmoja iwe ya upande wa pili. Fundi wa modeli alinijia na ombi.

"Dada, niruhusu ubavu mmoja tu. Wa pili naugeuza, tunaokoa nusu ya nafasi."

"Hapana, kaka. Huyu mnyama wanamtambua kwa milia. Ubavu wa kulia haufanani na wa kushoto, na hakuna wawili duniani wanaolingana. Wanaowahesabu kwa kamera za porini wanategemea hilo."

"Basi nipunguzie viatu."

Tumepunguza viatu. Simuli anatembea peku.

Juni

Weusi kwenye mtindo wa anime ni mtihani. Mtindo huu unagawa mwili sehemu mbili, ya mwanga na ya kivuli, bila kuchanganya. Nyeusi haina kivuli cheusi zaidi yake, kwa hiyo mhusika anakuwa bapa, kama kakatwa kwenye karatasi. Mistari ya pembezoni nayo ni myeusi, inazama humo humo.

Tulichofanya ni kuacha nyeusi kabisa. Sehemu yake ya mwanga ni kahawia iliyoiva mpaka karibu na nyeusi, yenye joto. Sehemu ya kivuli inaelekea zambarau, yenye baridi. Wachoraji wa anime wamekuwa wakitia buluu na zambarau kwenye nywele nyeusi tangu zamani kwa sababu hiyo hiyo. Tofauti ya mwanga na giza ni ndogo sana, tofauti ya joto na baridi ndiyo inayobeba umbo. Mistari ya pembezoni tumeitia rangi ya damu ya mzee, na kwenye dhahabu inageuka hudhurungi.

Juu ya hapo kuna ukanda mwembamba wa mwanga unaopita ukingoni mwa mwili, upande wa mbalamwezi. Upana wake haubadiliki mhusika akisogea mbali. Bila hivyo kwenye simu unatoweka.

Kwa mistari ya ndani, ile ya misuli na mikunjo ya nguo, tumefuata njia ambayo Junya Motomura wa kampuni ya gemu ya Arc System Works aliionyesha kwenye GDC, mkutano wa watengenezaji gemu, mwaka 2015: ramani inayoonyesha picha inavyovalishwa modeli inanyooshwa mpaka kila mstari ulale wima au mlalo kwenye picha, ndipo kingo zake zisipate meno ya pikseli. Ni kazi ya mkono na inachosha. Fundi wa modeli ameimaliza mikono na shingo, na ukimsogelea Simuli unaona thamani yake.

Katika hadithi nilikataa jambo moja. Pendekezo lilikuwa weusi uongezeke Simuli akikasirika, kile kitelezi kiwe kipimo cha hasira, na akijaa apate nguvu. Kimchezo linavutia, na kitaalamu ni mstari mmoja wa programu. Lakini mtoto anayecheza atajifunza kwamba weusi ni hasira, na kwamba binti huyu anakuwa hatari kadiri anavyokuwa mweusi. Simuli kazaliwa hivyo. Ana hivyo akiwa amelala, akila, akicheka. Namba yake imefungwa, hakuna tukio kwenye gemu linaloigusa.

Julai

Mwendo. Mayurbhanj ina ngoma yake, Chhau, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2010 katika orodha ya urithi usioshikika. Inachezwa hasa wakati wa sikukuu ya Chaitra Parva, mwezi Aprili, na mji wa Baripada ndio kitovu chake. Mitindo yake mingine, ya Purulia na ya Seraikella, huchezwa kwa vinyago. Ya Mayurbhanj haina kinyago. Misingi yake ni mazoezi ya vita ya upanga na ngao, mwendo wa ndege na wanyama uliogeuzwa hatua za ngoma, na kazi za kila siku za mwanamke wa kijijini.

Tumetazama rekodi mpaka macho yakauma. Silaha ya Simuli ilikuwa bado haijaamuliwa na hapo ikajiamua: upanga mfupi na ngao ndogo ya duara. Pigo lake la mwanzo linaanzia kwenye mguu, unainuliwa na kukunjwa, mwili unangoja juu ya mguu mmoja, halafu ndipo mkono. Kule kungoja ndiko kunakompa mchezaji nafasi ya kukatisha na kubadili pigo. Pigo la tatu limetoka kwenye kazi za nyumbani: kuinama na kuzoa, mkono ukifagia chini. Linapangua miguu ya adui.

Utulivu wa uso wake si wa bahati tu. Katika ngoma ile mwili ndio unaosema na uso unabaki na utulivu wake, nasi tumefuata. Wahusika wengi wa anime hupiga kelele wakati wa shambulio, Simuli hapigi. Unasikia mguu ukigonga ardhi na bangili.

Mkia umetusumbua kidogo, tukaupa mifupa ya kutosha, umekaa sawa. Masikio yanageuka kuelekea adui aliye nje ya skrini, na hilo wachezaji wa majaribio walilitambua bila kuambiwa.

Agosti

Majaribio kwenye simu, mtaani, kwenye kibanda cha gemu ambako vijana hucheza jioni. Mwenye kibanda alituruhusu meza moja.

Kijana mmoja, baada ya raundi mbili, aliuliza, "Huyu ana moto ndani?" Mwenzake akasema ni volkano. Wote walikuwa wanafurahi, lakini nimelichukua kwa uzito. Nyufa za dhahabu zilikuwa zinang'aa mno juu ya weusi, zikaonekana kama kitu kinachowaka chini ya ngozi. Manyoya hayawaki. Tumepunguza ukali wa dhahabu, tukairudisha kwenye chungwa la udongo, na tukaipa kivuli chake kama sehemu nyingine yoyote ya mwili. Wiki iliyofuata, kijana yule yule alimtazama akasema, "Aa, kumbe ni chui milia." Hicho ndicho nilichokuwa nakisubiri.

Kasi ni ya kuridhisha: fremu 60 kwa sekunde kwenye simu za kati, na kwenye ile ya zamani kuliko zote mezani haikushuka chini ya 30 mapigano yakiwa madogo. Mandhari ya usiku yamepewa ukungu mwepesi nyuma ya miti ya sal, ili mwili mweusi usimamie mbele ya kitu cheupe kidogo.

Septemba

Kaka yake ameingia kwenye gemu. Modeli ya msingi ni moja, picha ya umbali ni moja, namba ni tofauti, nywele na nguo ni zake. Wakisimama pamoja kwenye skrini ya kuchagua mhusika unaona mlia wa bega la kulia ni ule ule kwa wote wawili. Nilisema hakuna wawili wanaolingana, na kwa hao wawili haitakiwi walingane, kwa hiyo mchoraji anamchorea kaka ubavu wake mwenyewe. Nafasi iliyookolewa kwenye viatu itatumika huko.

Mhusika wa tatu ameanza kuandikwa. Mwishoni mwa 2024 idara ya misitu ya Odisha ilileta Similipal majike wawili, Jamuna na Zeenat, kutoka hifadhi ya Tadoba, jimbo la Maharashtra, ili damu mpya iingie. Zeenat hakukaa. Alitoka hifadhini, akapita jimbo la Jharkhand, akafika jimbo la West Bengal, na siku za mwisho za Desemba akakamatwa wilayani Bankura akarudishwa. Nimemfikiria sana huyo. Hadithi ya Simuli haikuhitaji adui mkubwa kuliko kukatika kwa msitu wake, na haikuhitaji shujaa kuliko mtu anayekuja kutoka mbali na bado hajui kama atabaki. Mgeni wetu ana milia myembamba, rangi ya chungwa, anatembea kwa kasi kuliko wahusika wote, na katika sura ya pili anaondoka bila kuaga. Mchezaji ndiye atakayeamua kama Simuli amfuate.

Kabla ya kutoa toleo la wazi kuna jambo ambalo halina mbadala: mwendo na mavazi lazima yatazamwe na mchezaji wa Chhau wa Mayurbhanj, alipwe, na jina lake liwekwe pamoja na yetu. Bajeti ya hilo imetengwa. Mchoraji ameshaanza ubavu wa kushoto wa kaka. Fundi wa modeli anamalizia mistari ya miguu ya Simuli, kutoka gotini kushuka.